Sheria ya Kenya haitaifikisha Bitcoin kwenye kaunta ya Ngamiani

Tangu Rais William Ruto aliposaini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, Oktoba 2025, mazungumzo ya Tanga yamekuwa na sentensi moja inayojirudia, kuanzia kwenye vibanda vya simu vya Ngamiani mpaka kwa wabadili fedha wa mpakani Horohoro: Kenya wameshahalalisha, sisi tumeachwa. Vijana wanaonunua na kuuza sarafu za kidijitali kama Bitcoin kwenye simu zao wanaisema kwa uchungu. Wengine wanakwenda mbele zaidi. Wanasema kwa kuwa Tanzania nayo inatoza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali tangu Julai 2024, basi hata hapa kwetu sarafu hizi ni malipo halali, ila serikali inaona haya kutamka. Tafsiri zote mbili hazikusoma kilichoandikwa. Sheria ya Kenya inahusu kampuni zinazobadilisha, kutunza na kuhamisha mali hizi. Inazitaka ziwe na leseni na inaziweka chini ya Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Haimlazimishi muuza unga wa Likoni kupokea Bitcoin. Na kodi yetu ya asilimia 3 inatoza mali, kama kodi nyingine zinavyotoza mali. Haikuifuta taarifa ya Benki Kuu ya Tanzania ya Novemba 2019 iliyosema kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini.

Naandika haya kwa sababu kosa la tafsiri linazaa kosa la sera. Hoja yangu ni kwamba Bitcoin ilishindwa kwenye biashara ya kila siku kwa sababu za kiuchumi zilizomo ndani yake yenyewe, na kwamba ilishindwa huko Marekani na Ulaya ambako haikuzuiwa na mtu. Sehemu ya ahadi yake iliyobaki hai imehamia kwenye biashara ya kuvuka mpaka, tena kwa sarafu za aina nyingine, zile zilizofungwa na dola, yaani kila moja inakusudiwa kubaki na thamani ya dola moja. Tukitunga sera huku tukimfikiria mteja anayenunua sukari robo, tutakosa kabisa mahali ambapo fedha inapita kweli.

Tuanze na ahadi yenyewe, maana wengi wanaoitetea leo hawajawahi kuisoma. Tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitoa waraka wa kurasa tisa ulioeleza fedha taslimu za kielektroniki zinazotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila benki kukaa katikati. Malalamiko ya waraka ule yalikuwa ya kibiashara kabisa. Ulisema biashara ya intaneti inategemea benki ziwe mdhamini. Benki zinalazimika kusuluhisha migogoro ya malipo. Usuluhishi huo una gharama, na gharama hiyo inaweka kima cha chini ambacho chini yake hakuna muamala unaolipa. Malipo madogo madogo yanakufa. Ulisema pia kwamba malipo yanayoweza kurudishwa yanamfanya muuzaji amshuku kila mteja. Waraka haukumwahidi mtu utajiri kwa kushika sarafu na kungoja bei ipande. Kwa mfanyabiashara wa Tanga wa mwaka 2008 lalamiko hilo lilikuwa na uzito wake: M-Pesa ya Vodacom ndiyo kwanza ilikuwa inaingia Tanzania mwaka huo, na kutuma fedha Lushoto au Pangani bado kulikuwa ni kumkabidhi dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu.

Na mwanzoni ahadi ilionekana kutimia. Tarehe 22 Mei 2010, Laszlo Hanyecz wa Florida alitoa Bitcoin 10,000, zilizokuwa na thamani ya takriban dola 41 wakati ule, akaletewa pizza mbili. Tukio hilo hukumbukwa kwa masikitiko, watu wakihesabu mamilioni ya dola aliyoyala siku ile. Mimi naliona kwa upande mwingine: alinunua chakula cha kawaida, na kuhamisha sarafu zile hakukumgharimu karibu chochote. Kwa nini kulikuwa rahisi hivyo? Kompyuta zinazolinda daftari la Bitcoin, yaani orodha ya miamala yake yote, za wale wanaoitwa wachimbaji, zinakula umeme na wenyewe wanataka kulipwa. Siku zile, kila baada ya dakika kumi hivi, mchimbaji mmoja alizawadiwa sarafu mpya 50, yaani kama 7,200 kwa siku kwa wachimbaji wote. Ada ya mteja ilikuwa karibu na sifuri kwa sababu mlipaji halisi alikuwa kila mwenye sarafu, ambaye fungu lake lilipunguzwa kidogo kila siku na sarafu zilizozaliwa. Hiyo ni ruzuku. Na ruzuku ile iliandikiwa kufa tangu siku ya kwanza, kwani zawadi hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na jumla ya sarafu zote haitazidi milioni 21. Aprili 2024 zawadi ilishuka hadi 3.125, sawa na sarafu 450 hivi kwa siku. Kupanda kwa bei kumeificha hesabu hii kwa muda, lakini hesabu yenyewe haijabadilika: jinsi sarafu mpya zinavyopungua, ndivyo ulinzi wa daftari unavyopaswa kulipiwa na ada za watumiaji.

Hapo ndipo biashara ndogo ilipotolewa nje. Kurasa za daftari la Bitcoin zina ukomo, na mtandao wake hubeba takriban miamala saba kwa sekunde, wakati mitandao ya kadi hubeba maelfu. Fikiria basi la viti vichache linaloondoka kila dakika kumi, nauli inapangwa kwa mnada, na kondakta anapima ukubwa wa furushi bila kujali kama ndani mna dhahabu au mahindi. Anayehamisha dola milioni moja na anayelipa dola moja wanagombea kiti kile kile. Watu wakiwa wachache kila mmoja anasafiri kwa senti. Watu wakijaa, mwenye mahindi ndiye anayeshuka. Desemba 2017 wastani wa ada kwa muamala mmoja ulipita dola 50. Mwezi huo huo Steam, duka la michezo ya kompyuta lenye mamilioni ya wateja, likaacha kupokea Bitcoin, likitaja ada iliyokaribia dola 20 na bei isiyotulia. Stripe, kampuni ya malipo iliyokuwa ikiipokea tangu 2014, nayo ikajitoa mwaka 2018. Hawa walikuwa wafanyabiashara wa intaneti, wateja wale wale ambao waraka wa 2008 uliwakusudia. Wapo waliotaka kurasa ziongezwe, wakajitenga Agosti 2017 na kuunda Bitcoin Cash. Nafasi wanayo, wanunuzi hawakuwafuata.

Lakini ada ni nusu tu ya maelezo, tena nusu nyepesi. Nusu nzito inahusu deni. Lipo duka la jumla Ngamiani ninalolifahamu lenye daftari la jalada gumu, na kila ukurasa wake una jina la muuza duka wa mtaani: wa Makorora, wa Kisosora, wa Pongwe, wengine mpaka Maramba. Ndoo mbili za mafuta ya kula, mfuko wa sukari, unga, sabuni, tarehe, pembeni kwa kalamu nyekundu, "kalipa nusu". Mzigo unaondoka leo kwa mali kauli, fedha inarudi baada ya wiki moja au mbili. Muuza duka naye ana daftari lake dogo, la majirani wanaochukua mkate asubuhi na kulipa mwisho wa mwezi. Ukiyaondoa madaftari haya mawili, biashara ya rejareja ya mji huu inasimama kabla ya adhuhuri. Fedha inayofaa kwa biashara ya namna hii ni ile ambayo mkopaji na mkopeshaji wote wawili wanaweza kukisia itanunua nini wiki mbili zijazo. Bitcoin ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya dola 17,000. Deni likiandikwa kwa sarafu hiyo halafu bei ikapanda, muuza duka wa Makorora anafilisika. Bei ikishuka, mwenye duka la jumla hawezi kununua mzigo mwingine. Hakuna hali ambayo wote wawili wanabaki salama, na kwa hiyo hakuna mali kauli, na kwa hiyo hakuna biashara.

Afrika Mashariki imeshaonja fedha inayopanda. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Baada ya vita fedha ya India ikapanda kwa kasi, na mwaka 1920 Waingereza wakaipigilia rupia ya Kenya na Uganda kwenye kiwango cha rupia 10 kwa pauni. Mkulima aliyekopa rupia 1,500, ambazo zilikuwa pauni 100 alipozichukua, akajikuta anadaiwa pauni 150, huku mazao yake yakiuzwa London kwa pauni. Walowezi walipiga kelele mpaka Nairobi ikatikisika, na baada ya muda mfupi rupia ikaondolewa na shilingi ikaingia. Kupanda kule kulikuwa kwa nusu tu ya thamani. Wanaotuambia kwamba uzuri wa Bitcoin ni kwamba itapanda mara kumi, kisha wakatuambia tuitumie kukopeshana unga, wanasema mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Mtu anayeamini sarafu yake itapanda mara kumi hatainunulia sukari, wala hapaswi kuinunulia. Ataishika. Na sarafu inayoshikwa na kila mtu haizunguki sokoni.

Sasa nizipime hoja za upande wa pili, nikianza na ile iliyo dhaifu kuliko zote, kwamba watu wetu hawana elimu, wakielimishwa watazitumia. Hoja hii inanikera, kwa sababu inawatukana watu walioonyesha kinyume chake mbele ya macho yetu. Wakina mama wanaouza samaki pale Deep Sea, mama lishe, madereva wa bodaboda, wote walijifunza kutuma, kutoa na kupokea kwa Lipa Namba kwa simu ya kitochi, bila semina. Wanajua makato ya kila mtandao kwa kichwa. Wanajua wakala gani ana floti asubuhi na yupi hana. Mwaka 2021 serikali ilipoweka tozo ya miamala, iliyoanzia shilingi 10 mpaka 10,000, watu wale wale walirudi kwenye noti haraka, mpaka tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo na kupunguzwa tena baadaye. Huyo si mtu asiyeelewa fedha. Ni mtu anayepiga hesabu ya shilingi ishirini. Akiona njia iliyo nafuu na salama ataifuata kesho asubuhi. Asipoifuata, tuikague njia kabla ya kumkagua yeye.

Hoja ya pili ina uzito kidogo zaidi, kwamba kizuizi ni serikali. Ni kweli taarifa ya 2019 iliwatisha wengi, na ni kweli kwamba Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko haya, na tangu hapo mwendo umekuwa wa pole. Lakini tunao mfano wa nchi iliyofanya kinyume kabisa. El Salvador iliifanya Bitcoin fedha halali kuanzia tarehe 7 Septemba 2021, ikawalazimisha wafanyabiashara wenye uwezo wa kiufundi kuipokea, na ikampa kila raia aliyejiandikisha kwenye pochi ya serikali, iitwayo Chivo, zawadi ya dola 30. Wengi walizitumia zile dola 30 na hawakuirudia pochi. Januari 2025, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo wa dola bilioni 1.4, bunge la nchi hiyo likaondoa ulazima wa kupokea. Jamhuri ya Afrika ya Kati nayo iliitangaza kuwa fedha halali mwaka 2022 na kuufuta uamuzi huo mwaka uliofuata. Kama amri ya sheria na zawadi ya fedha hazikuweza kuiweka sarafu hii kwenye kaunta, sioni vipi kukosekana kwa amri kuwe ndiko kulikoizuia Tanga.

Hoja iliyo bora kuliko zote ni ya mafundi, na wanastahili kusikilizwa. Wanasema matatizo ya ada yametatuliwa na mtandao wa Lightning, ulioanza kutumika 2018, ambao unaruhusu miamala mingi kupita pembeni ya daftari kuu na kuandikwa humo mara chache tu. Ni kweli unafanya kazi. Maduka ya Pick n Pay ya Afrika Kusini yanapokea Bitcoin kwa njia hiyo tangu 2023, na Kgothatso Ngako wa huko huko alitengeneza Machankura, huduma inayomwezesha mwenye simu ya kitochi kutuma Bitcoin kwa kubonyeza namba kama anavyotuma fedha za kawaida. Hiyo ni kazi ya akili na ya heshima. Ila tazama kinachotokea kwenye kaunta ya Pick n Pay: bei imeandikwa kwa randi, duka linapokea randi, na katikati yupo mtoa huduma anayebadilisha. Bitcoin hapo imekuwa njia ya kupitishia fedha, fedha yenyewe imebaki randi. Na watumiaji wengi wa Lightning, kwa kuwa kuendesha njia zao wenyewe kunahitaji mtaji na uangalizi, huishia kumwachia mtu mwingine awatunzie sarafu. Mtu wa katikati aliyefukuzwa 2008 amerudi, amekaa kwenye kiti kile kile. Tanga tayari tuna njia ya kupitishia fedha ndani ya nchi, na inaruhusu mitandao yote kutumiana. Udhaifu wake ni makato, na makato yanapunguzwa kwa ushindani na kwa kodi nafuu, mambo ambayo hayahitaji sarafu mpya.

Lipo jambo jingine ambalo mafundi hulipita upesi. Waraka wa 2008 uliona sifa katika malipo yasiyorudishika. Kwa muuzaji wa intaneti anayeogopa mteja tapeli, ni sifa. Kwa watu wanaopokea kila wiki ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ni hatari ya kutisha. Mama aliyekosea tarakimu moja leo anakimbia kwa wakala, anapiga simu huduma kwa wateja, na mara nyingi fedha inazuiwa kabla haijatolewa. Kwenye Bitcoin fedha ile imekwenda, na hakuna mlango wa kubisha. Ongeza na matapeli wanaojifunika jina la sarafu za kidijitali: OneCoin ya Ruja Ignatova, aliyetoweka Oktoba 2017, haikuwa hata na daftari la kweli nyuma yake, na ilichota mabilioni ya dola duniani kote. Nchi iliyokwishauona upatu wa DECI mwaka 2009, watu wakipanda mbegu na kungoja mavuno yasiyokuja, ina sababu ya kutaka fedha yenye mlango wa kubisha.

Basi ahadi imebaki wapi? Panda gari uende Muheza msimu wa machungwa. Malori ya Kenya yamepanga foleni kandokando ya barabara za vijijini, vibarua wanajaza, na mnunuzi ana shilingi za Kenya kwenye simu wakati mkulima anataka za Tanzania. Kati yao kuna wabadili fedha wa Horohoro, wakala wa pande mbili, makato mara mbili na kiwango cha ubadilishaji ambacho mkulima hakukipanga. Kutuma kwa simu kati ya Safaricom na Vodacom Tanzania kumewezekana tangu 2015, na kumesaidia, lakini takwimu za Benki ya Dunia zimeziweka kwa miaka mingi njia za kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda nchi jirani miongoni mwa ghali kuliko zote duniani. Hapa ndipo palipo na jeraha. Sarafu zilizofungwa na dola, hasa USDT, zinapita mpaka kwa dakika chache. Kwa chungwa lenyewe sina hakika kama zinasaidia sana, kwa sababu mnunuzi lazima azinunue kwa shilingi ya Kenya na mkulima aziuze kwa shilingi ya Tanzania, na kila kubadilisha kuna mtu anayechukua chake. Kwa mwagizaji ni habari tofauti. Mwaka 2023 dola zilipoadimika nchini, mwenye duka la vipuri vya pikipiki aliyetakiwa kumlipa mtu wa Guangzhou, China, alikuwa anazungushwa benki wiki hadi wiki huku mzigo wake umekaa. Aliyepata USDT alilipa siku ile ile. Mtu huyo hakufuata utajiri wala itikadi. Alifuata mzigo.

Nasema hivyo nikijua kwamba dola hizi za kidijitali zina gharama zake, na gharama nyingine hazionekani kwenye simu. Kampuni ya Tether, inayotoa USDT, huchukua dola halisi na kuziweka kwa sehemu kubwa kwenye hati za serikali ya Marekani zinazolipa riba. Riba inabaki kwa kampuni. Kwa mwaka 2024 ilitangaza faida ya zaidi ya dola bilioni 13. Mfanyabiashara wa Tanga anayeacha mtaji wake kwenye USDT kwa mwezi mzima ameikopesha serikali ya Marekani bila riba, kupitia kwa mtu aliyeichukua riba hiyo. Sheria ya Marekani ya Julai 2025 imewakataza watoaji kuwalipa riba wenye sarafu, kwa hiyo hilo halibadiliki karibuni. Tether pia inaweza kuzifungia sarafu zilizo kwenye anwani yoyote, na mwaka 2021 ilikubali kulipa dola milioni 18.5 kumaliza madai ya mwanasheria mkuu wa New York kwamba iliudanganya umma kuhusu akiba yake. USDC, sarafu nyingine iliyofungwa na dola, inayosifiwa kwa uangalifu zaidi, ilishuka kwa muda mpaka chini ya senti 90 Machi 2023, pale dola bilioni 3.3 za akiba yake ziliponaswa katika benki iliyoanguka. Na zikiingia kwenye kaunta za rejareja, sarafu hizi zitarudisha kwa mlango wa nyuma kile ambacho kanuni za Tanzania za Machi 2025 zilikataza, yaani kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Shilingi ikipoteza kaunta, Benki Kuu inapoteza uwezo wa kufanya lolote siku mvua zikikosekana na mahindi yakipanda.

Kwa hiyo napendekeza tutenganishe mambo mawili ambayo mjadala wa sasa unayachanganya. Kwenye kaunta ya Ngamiani, shilingi ibaki, na nguvu zote ziende kwenye kushusha makato na kuiunganisha mifumo ya malipo ya papo hapo ya Tanzania na Kenya, ili mnunuzi wa machungwa alipe kwa shilingi yake na mkulima apokee kwa shilingi yake, kwa kiwango kinachoonekana kwenye simu kabla ya kubonyeza. Benki kuu za Afrika Mashariki zina mfumo wa kulipana kwa zaidi ya miaka kumi sasa, ila ulijengwa kwa ajili ya malipo makubwa ya benki kwa benki. Mkulima wa Muheza haufikii. Kwenye malipo ya waagizaji, tufungue mlango wenye leseni: kampuni chache zenye mtaji wa kutosha, zinazotenganisha fedha za wateja na za kwao (FTX, soko la sarafu za kidijitali, ilianguka Novemba 2022 kwa kutofanya hivyo), zinazoandika kila muamala na kuwajibika mbele ya Benki Kuu. Biashara hii ipo tayari. Inafanyika kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, na mwagizaji anayeuziwa dola zilizoibwa anakuja kujua siku akaunti yake ya benki inapofungwa.

Na hapo ndipo kodi ya asilimia 3 inapoleta madhara ambayo sidhani walioiandika waliyakusudia. Kodi hiyo hukatwa kwenye thamani yote ya malipo, haiangalii faida. Chukua mtu aliyenunua USDT kwa shilingi milioni 10 na kumuuzia mwagizaji kwa milioni 10 na laki moja. Faida yake ni laki moja. Kodi kwa asilimia 3 ni shilingi 303,000. Hakuna biashara ya kubadilisha fedha duniani inayoweza kuishi kwa hesabu hiyo, ndiyo maana waliomo humo hawajitokezi, na serikali haipati kodi wala taarifa. Anayeshikilia Bitcoin miaka minne akingoja ipande anaweza kuimudu kodi hii bila kuisikia, wakati anayerahisisha malipo ya mzigo anauawa nayo. Kenya ilikuwa na kodi ya namna hii hii, asilimia 3 ya thamani, tangu 2023. Mwaka 2025 iliifuta na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada inayotozwa na mtoa huduma. Kwa muamala ule ule wa milioni 10, kama ada ni shilingi 50,000, serikali inachukua 5,000, na inauona muamala wote.

Hilo ndilo la kuiga kutoka kwa jirani, na ni la kifungu kimoja tu cha sheria ya fedha. Wabunge wetu wa Tanga wana mpaka bajeti ya Juni kulisemea. Waende na hesabu ya mwenye duka la vipuri na ya mkulima wa Muheza, kwa sababu wale wanaongoja bei ya Bitcoin ipande hawahitaji msaada wa Bunge kungoja.